Mbwa Ana Nyumba Mbili, na Mimi Ndiye Dereva Wake

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kama utacheka basi cheka kidogo tu halafu unijibu, kwa sababu jambo hili nikimweleza mtu yeyote wa hapa ataniambia nenda kapumzike, umeendesha sana juani. Mimi ni dereva wa lori la mizigo, si yale marefu ya kontena, ni lori la kawaida la turubai, nabeba vitu vya madukani, sabuni, magodoro, viti vya plastiki, marobota ya vitambaa, matairi, chochote kinachopakiwa godauni mimi nafikisha. Shule niliishia njiani kwa hiyo mwandiko utanisamehe, na kuongea pia siwezi, yaani naweza ila mbele ya watu mdomo unakuwa mzito kama mlango wa nyuma wa lori ulioshika kutu, mpaka niufungue mtu mwenyewe ameshaondoka. Lakini macho ninayo, naona vitu, na shida yangu ndiyo hiyo, naona halafu nanyamaza.

Jambo lenyewe ni mbwa.

Nilipopewa hili lori, dereva aliyekuwa nalo alikuwa anastaafu, mzee mmoja mcheshi, akanikabidhi funguo akasema, "Breki ni nzito asubuhi, honi inataka upigie ngumi, na kiti cha pembeni usiweke mzigo." Nikasema sawa. Sikumuuliza kwa nini, mimi siulizi. Basi safari yangu ya kwanza nikashusha robota la vitambaa kwa bibi mmoja fundi cherehani, duka lake liko pale barabara inapoanza kupanda mlima, narudi kwenye gari nakuta mbwa ameketi kiti cha pembeni anatazama mbele, sikio moja limesimama jingine limelala, kama mtu aliyekata tiketi anashangaa kwa nini gari haliondoki. Nikamwambia shuka. Akanitazama. Nikamwambia tafadhali shuka. Akatazama barabara. Nyuma yangu magari yananipigia honi na watu wameanza kunitazama, na mimi kutazamwa siwezi, nikaondoka naye.

Tukavuka mlima, tukapita kwenye mizani ya magari, tukafika mji wa pili kwa mzee mmoja fundi pancha ninayempelekea matairi, nikafungua mlango tu mbwa akaruka chini, akazunguka nyuma ya gari, na yule mzee akaacha jeki yake akapiga kelele, "Ehee! Mhuni amerudi! Ulikuwa wapi wewe Pancha, siku zote hizo?" Anamwita Pancha kwa sababu akilala anakuwa bapa kama tairi lisilo na upepo. Mimi nikafurahi moyoni, nikasema kumbe mbwa ni wa huyu mzee, alipotea, nimemrudisha kwao. Nikalala pale mjini, asubuhi nageuza gari nirudi, nakuta kiti cha pembeni kina mtu. Na tulipofika kwa bibi, bibi akasimamisha cherehani, akatoa pini mdomoni, akasema, "Pamba wangu! Mtembezi wangu! Njoo nikuone, maskini, umekonda."

Mshauri, hakuwa amekonda. Alikuwa ametoka kula kwa mzee asubuhi ile ile na kwa bibi akala tena kama hajawahi kuona chakula, na wakati anakula ananitazama mimi kwa jicho la upande, kama kuniambia tunyamaze.

Basi tukanyamaza. Ndivyo maisha yetu yalivyo mpaka leo, nenda na rudi, yeye kiti chake mimi changu. Mimi namwita Mwenzangu. Njiani naongea naye mpaka koo linakauka, yaani ungenisikia ungesema huyu kijana ni mwanasiasa, namweleza habari za meneja, habari za mashimo ya barabara, namuuliza maswali, akikubali anapumua kwa pua. Askari wa getini godauni anampigia saluti, anamwambia, "Utingo, umelala vizuri?" Kwa watu siongei hivyo. Kwa bibi nasema shikamoo, marahaba, nashusha robota. Kwa mzee nasema shikamoo, marahaba, nashusha tairi. Na mioyoni mwao wote wawili mbwa ni wao, anapotea siku mbili tatu anarudi, ndiyo tabia yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza kwa nini kila akirudi na mimi nimefika. Mlango wa lori ninaufungulia upande wa pili, wao wanaona mbwa anatokea nyuma ya gari tu.

Shida ilianza na mikanda ya shingoni. Bibi alimshonea mkanda wa kitambaa chekundu una kifungo cha shaba, mzuri, mishono yake midogo kama ya mashine ya kiwandani. Tulipofika kwa mzee akautazama akasema, "Nani kamvalisha mbwa wangu kama bibi harusi?" Akakifungua kifungo chake akautupa kwenye rundo la matairi mabovu, akachukua mpira wa ndani wa tairi, akakata mkanda mwingine, akatia nati mbili za gurudumu ziwe zinalia akitembea. Mimi nikauokota ule mwekundu, nikaufunga tena vizuri, nikautia kwenye boksi la vifaa, maana nilijua bibi akimwona mbwa hana kitu shingoni ataumia. Kwa hiyo ikawa hivi, kule kwenye mizani malori yanapanga foleni ndefu, nikiwa kwenye foleni nambadilisha, kwenda namvalisha wa mpira, kurudi namvalisha wa kitambaa. Akiona foleni tu anainua shingo mwenyewe. Nikajiona kama dereva wa bwana mwenye nyumba mbili, yule anayejua kila kitu na anamsalimia kila mama kwa heshima.

Sindano nayo. Bibi alimwita daktari wa mifugo akamchoma ya kichaa cha mbwa, mimi nilikuwepo, nilimshika miguu. Wiki hiyo hiyo mzee naye akamwita daktari wa kule, na mimi nikamshika tena miguu. Nilitaka kusema ameshachomwa, maneno yakafika hapa kooni yakageuka. Mwenzangu alinitazama mshauri, sitasahau.

Sasa siku moja tunarudi, mizani imefungwa. Hakuna foleni, askari anatupungia mkono tu, piteni, piteni. Mimi kwa furaha nikapita mbio, na kwa kuwa hapakuwa na foleni sikukumbuka mkanda, akili yangu mimi na mkanda na foleni vilikuwa kitu kimoja. Tukashuka mlima tukafika kwa bibi na nati zinalia kling kling kling. Bibi akasimamisha cherehani. Akamwita mbwa, akaushika ule mpira kwa vidole viwili kama mtu aliyekuta nywele ndefu kwenye koti la mumewe. Akaunusa. Akasema, "Hii ni gereji."

Nikashusha robota.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "Pamba ana mtu mwingine."

Nikatazama viatu vyangu.

"Na mtu mwenyewe hana hata aibu, kamfunga machuma. Shingo hii ni ya kufungwa machuma?" Akaukata kwa mkasi wa vitambaa, akautundika kwenye msumari ukutani karibu na cherehani, kama ushahidi. Halafu akanishika mkono. "Wewe unapita kila mahali, na huna maneno mengi kama hawa vijana wengine. Nichunguzie. Nitafutie huyo mtu ni nani."

Nikasema sawa bibi.

Safari iliyofuata mzee anaona shingo imerudi na kitambaa kipya chekundu alichofunga bibi, cha upana wa mkono, nilisahau kukivua kwa sababu ya kiwewe. Akaweka mikono kiunoni. "Mpira wangu uko wapi? Kuna mtu anaiba mkanda wa mbwa wa mtu, anamlisha, anamnenepesha, na sasa anamvalisha pazia!" Akanitazama. "Kijana, wewe ni mtu wa barabara. Hebu nifanyie uchunguzi. Nikimjua huyo, nitakwenda mimi mwenyewe na spana yangu."

Nikasema sawa mzee. Akakata mpira mwingine, safari hii nati tatu.

Kwa hiyo mimi nimeajiriwa na pande mbili kumtafuta mtu ambaye nampelekea mzigo kila wiki. Na kila nikifika naulizwa, "Umepata fununu?" Nasema bado. Bibi ananipa chai, mzee ananijazia upepo bure, na kila nikiwatazama naona aibu. Maana si watu wabaya. Bibi anaishi peke yake na cherehani lake, ule mkanda wa gurudumu la cherehani umechakaa unateleza, kila nikifika analalamika hakuna mtu anayejua kuutengeneza, na nimemsikia akimsomea mbwa vipimo vya nguo kwa sauti, kifua, kiuno, urefu, kama mtu mwenye karani wake. Mzee naye ovaroli yake imepasuka mgongoni ameishika kwa waya, wateja wakipungua anakaa juu ya tairi anamweleza mbwa mambo ya mpira. Wote wawili kipindi chenu kikianza redioni wanaacha kazi, bibi anatoa mguu kwenye cherehani, mzee anazima mashine ya upepo, na majibu yako wanamwambia mbwa kwanza halafu mimi.

Ningeendelea kunyamaza mpaka nistaafu lakini sasa meneja ameniita. Amesema kuanzia Jumatatu nahamishiwa barabara ya upande wa pili, mbali, haipiti kwa bibi wala kwa mzee, na lori hili nakwenda nalo. Njia hii atapewa dereva mwenzangu na gari lake, yule anayejaza maboksi kiti cha pembeni mpaka dirishani. Alinishikia njia hii mwezi uliopita nilipolala na malaria, na nilipomuuliza kama aliona mbwa akasema mbwa gani. Bibi naye aliniambia siku zile mbwa alilala mlangoni tu kichwa kimeelekea barabarani, chakula ananusa anaacha, kila gari kubwa likipita anasimama halafu anarudi kulala. Nadhani naye aliugua. Nilipopona akapona.

Safari yangu ya mwisho njia hii ni Ijumaa. Asubuhi natoka kwa mzee, mchana kipindi chenu kikianza nakuwa karibu na mizani, jioni nafika kwa bibi. Mwenzangu hawezi kuwa na nyumba mbili bila gari. Sasa mshauri nisaidie, nimwache upande gani? Nikimwacha kwa bibi, mzee atadhani amekufa barabarani. Nikimwacha kwa mzee, bibi atabaki anausomea ukuta vipimo. Na nikisema ukweli wataniita mwizi wa mbwa. Mimi mwenyewe sijali, nitazoea, kiti kitakuwa wazi tu nitaweka koti langu. Niambie upande gani nami nitafanya. Majina yote nimeyaficha ili wasijulikane.

Ni mimi dereva, msikilizaji wenu wa barabarani.

*

Kijana wangu dereva,

Nimejaribu kucheka kidogo kama ulivyoomba, nimeshindwa. Fundi mitambo wetu ametoka nje kujifuta machozi, na kwa hiyo wimbo uliotangulia mliusikia mara mbili, mtusamehe. Kila wiki meza yangu inajaa barua za mabwana wenye nyumba mbili. Leo ndiyo mara ya kwanza naletewa bwana mwenye mkia, na nikiri kwamba yeye ana adabu kuliko wengi wao, maana kote kuwili anarudi kwa wakati na kote anapokewa kwa shangwe.

Sasa kucheka kumekwisha, nikae nikukaripie.

Wewe si mwizi wa mbwa. Mwizi anachukua kitu hakirudishi, wewe umerudisha mpaka umechoka. Kosa lako ni jingine. Una bibi anayekuamini na mzee anayekuamini, wote wanakuomba uwatafutie mtu, na wewe unajibu "bado" huku unakunywa chai yao. Unaita aibu. Aibu ni kushindwa kumsalimia binti wa watu. Kukubali kazi ya upelelezi kwa pande zote mbili, mwanangu, hiyo si aibu, huo ni uvivu wa mdomo. Na mnyama wa watu kachomwa sindano mara mbili kwa sababu maneno yako yamegeukia kooni! Ukifika tu mtafute daktari wa mifugo, mwambie alichomwa mara mbili, akikuuliza kwa nini, mjibu. Uanze mazoezi hapo.

Ila umeniambia macho unayo, unaona vitu. Hebu tuone. Umeona waya kwenye ovaroli ya mzee. Umeona mkanda wa cherehani unateleza. Umeona mishono midogo, umeona jicho la upande. Halafu unakuja kuniandikia kwamba ulipougua malaria mbwa alilala mlangoni, chakula haonji, kichwa barabarani, kila lori likipita anasimama, na unamalizia, "Nadhani naye aliugua."

Aliugua!

Dereva mzima, taa zote unazijua, hii ya mbele yako hukuiona? Bibi alikuwepo siku zile. Chakula kilikuwepo. Barabara ilikuwepo na lori la mwenzako lilikuwepo, na kama shida yake ilikuwa kufika kwa mzee angejipenyeza hata katikati ya maboksi. Hakupanda. Alikuwa anamngoja mtu, na mtu mwenyewe alikuwa amejifunika blanketi anatetemeka, hajui kwamba anangojwa. Kweli, kabla yako alipanda na yule mzee mcheshi, sitakudanganya kwamba alizaliwa akikutafuta wewe. Lakini sasa ni wewe.

Kwa hiyo swali lako limekaa vibaya. Unaniuliza umwache upande gani, kana kwamba pande ni mbili. Mimi nimehesabu nyumba tatu kwenye barua yako, na ya tatu ina magurudumu na honi ya kupigiwa ngumi. Na hiyo "sijali, nitazoea, nitaweka koti langu" nimeisoma mara kadhaa. Koti halipumui kwa pua ukiliuliza swali. Unataka kwenda naye na huthubutu hata kuliandika hilo redioni.

Lakini usikimbilie kufurahi. Kutaka si kuwa na haki. Hao wawili wamemlisha, wamemtibu, wamemvalisha, na mmoja yuko tayari kumpigania kwa spana. Huondoki naye kimya kimya Jumatatu, sikia vizuri, ukifanya hivyo ndipo utakuwa mwizi wa mbwa kweli na mimi mwenyewe nitakutangaza. Utaomba. Na wakisema hapana, utashuka, utamkuna lile sikio lililolala, na utamwacha watakaposema wao. Hiyo ndiyo hatari yake na hakuna njia ya kuizunguka.

Sasa kuhusu kuomba. Umesema majina umeyaficha ili wasijulikane. Kijana! Mbwa sikio moja limesimama jingine limelala, bibi fundi cherehani chini ya mlima, mzee mwenye waya mgongoni, nati zinazolia kling kling. Umeficha nini? Tena umeniandikia kwa mkono wako kwamba wote wawili kipindi hiki kikianza wanaacha kazi wasikilize. Redio ziko nyingi, magazeti yapo, ukachagua hapa. Mwanzo nilisema huyu mtoto hajui anachofanya. Nilipofika kwenye ratiba yako ya Ijumaa, saa uliyonipa na mahali utakapokuwa, nikasema aa, huyu anajua. Ulitaka nikusemee.

Haya, nimekusemea. Barua nimeisoma yote, sijaruka hata sikio, na leo ni Ijumaa.

Basi sasa hivi uko kwenye foleni ya mizani, au umekaribia, na mwenzako yuko kiti cha pembeni ameshainua shingo. Usimbadilishe. Fungua boksi la vifaa, mvalishe yote miwili, wa kitambaa na wa mpira, na nati zake zote tatu. Ufike kwa bibi mbwa analia kama baiskeli ya muuza maziwa, na safari hii mlango ufungue upande wa duka, aonekane anashuka kutoka wapi. Mikanda itasema nusu ya maneno. Nusu nyingine ni yako nami nimekufupishia, hata mlango wenye kutu unaweza kuyapitisha: "Bibi, ninayembeba ni mimi. Nisamehe. Naomba niende naye." Basi. Usiongeze shikamoo ndefu katikati, usitazame viatu.

Halafu kabla chai haijapoa mpigie simu mzee. Najua huwezi kuongea na watu wawili siku moja, kwa hiyo mwambie yale yale maneno matatu, kisha mpe bibi simu. Ana mengi ya kumwambia huyo mtu wa machuma, na huyo mtu naye ana yake kuhusu pazia. Wewe toka nje ukague matairi. Watakaponyamaza, au watakapoanza kucheka, rudi uulize wameamuaje. Mkikubaliana uende naye, siku zako za mapumziko utamleta awasalimie, leo huku kesho kule, na uzitimize, nisikie hivyo. Na kwa kuwa wewe ndiye mpelelezi wao, malizia uchunguzi vizuri: mwambie bibi kuna mzee anajua mipira yote duniani, mkanda wa cherehani haumshindi. Mwambie mzee kuna fundi ambaye akiona waya mgongoni mwa mtu hatalala. Sisemi zaidi ya hapo, mimi ni mshauri, si mshenga.

Bibi, najua umetoa mguu kwenye cherehani. Toa na hiyo pini mdomoni, utaimeza. Ukisikia nati zinalia pale nje, usiushike mkasi kwanza. Msikilize mjukuu wako mpaka amalize, hata akichelewa kuanza. Na wewe mzee, weka spana chini, kaa na simu karibu, na mashine ya upepo usiiwashe mpaka simu ilie.

Dereva, foleni imesogea, walio nyuma yako wanakupigia honi. Mfunge kifungo, mfunge na nati, kisha ingiza gia. Bibi ameshatoka mlangoni.